Wati, nyota na ubashiri: nani yuko fiti kabla ya Tour?

Kila Juni, wiki chache kabla ya Tour de France, mashabiki wa baiskeli tunaletewa majedwali yale yale. Tadej Pogačar nyota tano, Jonas Vingegaard nne, Remco Evenepoel tatu na nusu. Pembeni kuna namba za kukutisha kidogo: huyu kapanda mlima kwa wati kadhaa kwa kila kilo ya mwili, yule kapungukiwa na 0.1. Ukisoma unahisi kama umeletewa majibu ya maabara.

Sina ugomvi na ubashiri, ni sehemu ya raha ya michezo. Ugomvi wangu ni na hiyo 0.1. Hebu tuikague pamoja.

Nguvu halisi ya mwendeshaji hupimwa na kifaa kilichofungwa kwenye baiskeli yake, na timu haziko radhi kumpa mpinzani namba hizo. Kwa hiyo wachambuzi wengi wanakadiria: wanachukua muda wa kupanda, mwinuko wa mlima na uzito wa mtu, halafu wanapiga hesabu. Hesabu yenyewe hata wewe unaiweza.

Tuseme mtu ana kilo 65, baiskeli na vifaa vyake kilo 8. Anapanda kilomita 12.5 zenye mwinuko wa mita 1,000 kwa dakika 35. Kuinua kilo 73 hadi juu kwa muda huo kunataka wati 341 hivi. Hapo hakuna ubishi, ni fizikia ya sekondari. Msuguano wa matairi unaongeza kama wati 17. Inabaki hewa, na hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Hewa ikiwa imetulia, kuipasua kwa mwendo huo kunakula wati 40 hivi. Ukija upepo wa mbele wa mita 2 kwa sekunde, ule wa kutikisa majani tu, zile 40 zinakuwa 72. Upepo huo huo ukitokea mgongoni, zinashuka hadi 18. Tofauti ni wati 54, yaani takriban 0.8 kwa kila kilo. Sasa niambie, ile 0.1 ya kwenye jedwali imetokana na miguu au na majani ya miti? Na bado hatujahesabu kilomita ambazo jamaa alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake wa timu.

Kwa hiyo kulinganisha mlima wa Italia mwezi Mei na wa Ufaransa mwezi Juni kwa namba za aina hii ni kujidanganya. Dawa nzuri kidogo ni kuwatazama wapinzani siku moja, barabara moja. Upepo unakuwa ni wao wote.

Lakini hata hapo, shika breki. Mwaka 2025 wote watatu walikutana kwenye Critérium du Dauphiné mwezi Juni. Katika hatua ya kukimbizana na saa, kila mtu peke yake, kilomita 17.4, Evenepoel alishinda na Vingegaard akamwacha Pogačar kwa sekunde 28. Wengi wakasema Pogačar ana tobo, na Tour ndiyo itakayomuumbua. Wiki nne baadaye, kilomita 33 mjini Caen, Evenepoel alishinda tena. Ila safari hii Pogačar alikuwa wa pili, na Vingegaard alimaliza dakika 1 na sekunde 5 nyuma ya Pogačar. Njia ya kwanza ilikuwa na kilima kikali, ya pili ilikuwa karibu tambarare. Jina la mtihani ni lile lile, maswali ni tofauti.

Dauphiné hiyo hiyo ilisema kweli milimani. Kule Combloux Pogačar alimwacha Vingegaard kwa dakika 1 na sekunde 1, na kwenye Tour, mlima wa Hautacam, akamwacha kwa dakika 2 na sekunde 10. Mwisho wa Tour tofauti yao ilikuwa dakika 4 na sekunde 24. Mashindano yale yale, basi, yalipotosha upande mmoja na yakafundisha upande mwingine. Jedwali la nyota haliwezi kukuonesha hilo, kwa sababu limeshayachanganya yote kwenye sufuria moja.

Kuna na suala la muda. Fiti si mali unayoiweka benki. Machi 2023 Pogačar alishinda Paris–Nice, Vingegaard akawa wa tatu. Aprili Pogačar akaanguka Liège–Bastogne–Liège, akavunjika kifundo cha mkono. Julai, Vingegaard alishinda Tour kwa dakika 7 na sekunde 29. Nani angekuwa na haja na wati za Machi?

Na kama unaona miezi minne ni mingi, kumbuka Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia. Kwenye mbio za saa Evenepoel alimkamata na kumpita Pogačar aliyeanza dakika 2 na nusu kabla yake. Jumapili iliyofuata, kwenye mbio za barabarani za zaidi ya kilomita 260, Pogačar alishinda peke yake na Evenepoel akawa wa pili. Miguu ile ile, mji ule ule, siku saba tu. Kilichobadilika ni swali: nguvu ya chini ya saa moja ukiwa mbichi ni kitu kimoja, nguvu ya saa ya sita ukiwa umechoka ni kingine. Na Tour, yenye wiki tatu, huuliza zaidi hilo la pili.

Basi Juni ijayo ukiletewa jedwali, liulize maswali matatu. Walikuwa barabara moja, siku moja? Hiyo njia inafanana na ipi kwenye Tour? Walikuwa wamechoka kiasi gani? Jedwali likikosa majibu, furahia zile nyota, ila hiyo 0.1 waachie majani.