"Discuss About" Nini, Mwandishi?

Vijana wenzangu tunaoandika kwa lugha zote mbili, hebu tuambizane ukweli. Hadithi za Kiingereza tunazopitishiana zina mapenzi, zina matatu, zina njaa ya mjini. Ila zinajikwaa kwenye vineno vidogo: on, for, about, at. Msimulizi, eti msomi, "discusses about" siasa, halafu "emphasises on" amani.

Kosa lina chanzo. Kiingereza husema "a discussion about", "emphasis on", "a demand for". Hayo ni majina. Yakigeuka vitenzi, kineno kinashuka: you discuss politics, you demand your pay. Sisi tunakipitisha kituo, kama kondakta aliyesahau kushusha abiria.

Chanzo cha pili ni Kiswahili chenyewe. Kwetu kazi hiyo hufanyika ndani ya kitenzi. Kuhama na kuhamia zinatofautiana irabu moja tu, lakini moja ni kutoka na nyingine ni kuingia. Ukimcheka mtu umemdhihaki. Ukimchekea umemwonyesha uso mwema. Basi Kiingereza kinapodai neno la pembeni, tunabahatisha, na maana inakufa. Kijana wako akiwa na hasira "throws a stone to" askari badala ya "at", umemwambia msomaji kwamba askari alikinga mikono adake!

Najua mtanijibu kwa Gabriel Okara wa Nigeria. Kweli, katika The Voice, riwaya yake ya 1964, alikipinda Kiingereza kifuate Kiijo. Lakini alipinda makusudi. Mhusika wako, muuza mitumba, naye aseme "discuss about" na mhariri asimguse. Ndivyo mji unavyosema. Msimulizi asiyejua kwamba kapinda, huyo ni habari nyingine.

Ajabu ni kwamba ugonjwa unarudi nyumbani. Tukishika Kiswahili tunaandika "alikufa kwa ajili ya nchi yake", wakati "aliifia nchi yake" ipo, fupi, na inachoma. Tunaandika "alipika chakula kwa ajili ya mgeni", kana kwamba "alimpikia mgeni" imepigwa marufuku. Huku hatujapata, na kule tunapoteza.

Kwa hiyo, mwandishi, kitenzi cha Kiingereza kijue pamoja na mwenzake. Kisicho na mwenzake, kiache kitembee peke yake. Na cha Kiswahili? Kinyambue kwanza, jamani, kabla hujakimbilia "kwa ajili ya".