Majengo Matupu na Mtu Asiyeonekana

Kitabu cha picha cha Christopher Payne kiitwacho Asylum, kilichotolewa mwaka 2009, kinahusu hospitali kubwa za wagonjwa wa akili za Marekani ambazo nyingi zimebaki magofu. Payne, aliyesomea usanifu wa majengo, alitumia miaka sita kutembelea taasisi 70 katika majimbo 30. Swali linalotukabili sisi wachungaji ni hili: mbona picha za mahali palipojaa mateso zapendeza macho?

Jibu la kwanza limo katika majengo yenyewe. Daktari Thomas Kirkbride, ambaye mpango wake ulienea katika karne ya 19, aliamini kwamba nuru, hewa safi na utulivu ni sehemu ya tiba. Kwa hiyo mabawa ya hospitali yalijengwa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, ili kila wodi ipate jua. Payne anaonyesha tumaini hilo kwa uaminifu. Naye Oliver Sacks, katika insha iliyomo kitabuni, anakumbusha kwamba kwa wengine hospitali hizo zilikuwa kimbilio la kweli. Lakini kufikia mwaka 1955 zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 500,000, na kimbilio likawa ghala la watu.

Katika jambo hili kitabu kinaishinda filamu ya Session 9 ya mwaka 2001, iliyopigwa katika hospitali ya Danvers, Massachusetts, iliyofungwa mwaka 1992. Filamu inalifanya jengo kuwa chimbuko la uovu. Mtazamaji hutoka akiwaogopa waliolazwa humo, wala si waliowasahau.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu: hamna mtu ndani yake. Mna miswaki iliyotundikwa na masanduku ya safari yaliyoachwa darini. Nakiri kwamba nilipoyatazama masanduku yale nilihuzunika, kisha nikakifunga kitabu nikiwa nimeridhika na huzuni yangu. Hapo ndipo penye hatari. Gofu haliombi chakula, wala halipigi kelele katikati ya ibada. Twaweza kulililia bila kudaiwa chochote.

Tukumbuke Marko 5. Wenyeji walikwisha kuzoea makelele ya yule mtu makaburini. Hofu iliwashika walipomkuta ametulia, kavaa, akili zimemrudia. Ndipo walipomtaka Yesu aondoke kwao. Makaburi hayakuwasumbua kama mtu aliyerudishwa kwao. Yesu naye aliuliza jina, ingawa waliojibu ni pepo. Kule Danvers, wagonjwa wengi walizikwa chini ya alama zenye namba tu, na baadhi ya waliowahi kuwa wagonjwa ndio waliojitaabisha kuyatafuta majina yao. Kazi hiyo haina mvuto wa picha, lakini iko karibu zaidi na Injili.

Kitabu hiki chafaa kutumika katika somo la uchungaji, kwa sharti moja: mwanafunzi akimaliza kukitazama, aende wodini. Kanisa letu linayo hospitali ya Lutindi, milimani Usambara, nayo si gofu, wagonjwa wamo. Hatuna budi kwenda huko bila kamera, tuketi, na tuanze kwa kuuliza jina.