Kutoka Kinuni Hadi Sinia

Mpunga wa Ozi hunyweshwa na bahari, ingawa maji yenyewe ni ya mto. Kijiji kiko karibu na mahali Mto Tana unapoishia, juu kidogo ya Kipini, na mara mbili kwa siku maji ya bahari yakijaa huusukuma mto urudi nyuma. Maji matamu hukosa pa kwenda, yakainuka, yakaingia mifereji, na kutoka mifereji yakaingia mashambani. Bahari ikipwa, nayo hushuka. Hakuna pampu. Mkulima huutazama mwezi, akajua siku za bamvua na siku za maji mafu, na kazi yake huifuata hesabu hiyo. Nimeanza na shamba kwa sababu kazi ninayotaka kuieleza, ya kupika wali nyumbani, huko Ozi haianzi na mchele. Huanza na mpunga, na mama niliyemtazama akiupika anaujua mpunga wake tangu ulipokuwa miche.

Alikuwa ameuanika juu ya jamvi tangu jua lilipochomoza. Kila baada ya muda alipita akiugeuza kwa nyayo, akiburura miguu polepole na kuacha nyuma yake matuta madogo, ili zile punje za chini nazo zipate zamu ya juani. Mpunga mbichi hupondeka kinuni. Uliokauka kupita kiasi hupasuka ndani kwa ndani, na ule ufa hauonekani mpaka mchi ushuke. Hapo punje moja huwa tatu. Kwa hiyo aliokota punje, akaimenya kwa ukucha, akaiuma kwa meno ya mbele huku akisikiliza. Ikikatika kwa mlio mkavu, basi. Akalikunja jamvi na kulivuta chini ya mwembe kabla jua halijawa kali.

“Uache upoe kwanza,” alimwambia bintiye aliyekwisha kushika mchi. “Ukitwangwa na joto la jua utatoka chenga tupu.”

Mpunga wa kuuza katika nyumba ile huenda kwenye mashine ya kukoboa. Wa kula hutwangwa, kidogo kidogo, kiasi cha chungu cha siku hiyo, kwa kuwa mchele uliotoka kinuni leo una harufu ambayo haukai nayo muda mrefu.

Kinu ni cha gogo moja, kimechongwa kikaachiwa kitako kipana kisiyumbe, na hakijazwi kupita nusu. Ni rahisi kudhani kwamba kutwanga ni kugonga. Nilipotazama kwa makini niliona kwamba mchi karibu haukigusi kitako cha kinu. Unashuka katikati ya mpunga, punje zinapanda ubavuni, kisha zinaporomoka tena katikati kungoja pigo linalofuata. Punje husuguana na punje, na msuguano huo ndio unaovua maganda. Nguvu yote ya mama iko katika kuinua. Kushuka anauachia mchi na uzito wake. Mkono wa kulia ukichoka, hubadilisha mchi ukiwa bado hewani, na pigo halipotei.

Binti naye akaingia na mchi wake, wakawa wawili katika kinu kimoja, mmoja akishuka mwenzake akipanda. Mtoto alikuwa na pigo la polepole zaidi. Mama hakumhimiza. Alipunguza mwendo wake mwenyewe mpaka ukalingana na wa bintiye, wakaendelea hivyo kwa muda, na baadaye kidogo mwendo ukaanza kupanda wenyewe bila mtu kusema neno. Mlio nao ulibadilika. Mwanzo ulikuwa mzito, umefumba, kwa sababu ya maganda. Yalipozidi kuvuka ukawa mwepesi, wa kuchakacha, na mama akasimamisha mchi kabla mimi sijaona tofauti yoyote ndani ya kinu.

Mchi anaoutumia ulikuwa wa mama yake. Pale katikati, mikono inaposhika, mti umelika ukawa mwembamba na laini. Zamani, anasema, mtu akiwa kitandani aliweza kujua kinu kinacholia ni cha nyumba ya nani, na kikikaa kimya siku mbili jirani alikwenda kuuliza kama kuna mgonjwa. Namwamini. Mimi pia nimelelewa katika nyumba yenye kinu, na mpaka leo mlio wa mchi alasiri hunifanya nijihisi kwamba kuna mtu mzima nyumbani na mambo yote yatakuwa sawa.

Kisha uteo. Watu husafiri hadi Lamu kutazama milango ya nakshi, na hadi Matondoni kutazama majahazi yakiundwa, na wanafanya vyema. Lakini kama kuna kazi ya mikono ya pwani hii ninayoweza kuitazama kutwa bila kuchoka, ni mwanamke na uteo wake. Alisimama akiupa upepo ubavu, si mgongo, akauinua uteo kwa kifundo cha mkono tu. Mchele ulipaa kiasi cha kiganja kimoja, makapi yakabaki hewani nukta moja zaidi, na nukta hiyo ilitosha: upepo ukayachukua. Upepo ulipotulia, alipuliza kwa midomo. Ulipovuma kwa nguvu, aliurusha mchele chini zaidi. Hakuna punje nzima iliyoanguka, na kuku waliokuwa wakingoja miguuni pake waliambulia makapi matupu.

Baada ya makapi kutoka, mchele ulirudi kinuni kwa mara ya pili. Huku ndiko kupwaya, na hapa mapigo ni mepesi, maana ganda gumu limekwisha kuvuka na kilichobaki ni ngozi nyembamba ya punje. Hutoka ikiwa pumba laini, yenye mafuta kidogo, inayonata vidoleni. Mama aliacha kutwanga mapema. Mchele wake haukuwa mweupe pepe. Ulikuwa na uwekundu hapa na pale, na alitaka ubaki hivyo. Ukiupwaya mpaka uwe mweupe kabisa, alisema, umeutwanga pamoja na harufu yake.

Mchele wa pishori wa Mwea, unaosifiwa Kenya nzima kwa harufu, hukuzwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, na mwisho wa mito hiyo ni Tana. Maji yaliyopita huko juu ndiyo yanayoshuka mpaka huku. Wa Mwea una jina na magunia yenye maandishi. Wa Ozi una watu wanaoujua.

Uteo ukarudi mkononi, safari hii kwa mwendo mwingine. Alikuwa ameketi, akiuzungusha taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto apate usingizi, na kila kitu kikajipanga chenyewe: punje nzima upande mmoja, chenga upande wa pili, na juu kabisa, zimekusanyika mahali pamoja, zile punje chache za mpunga zilizoukwepa mchi. Hizo alizitoa kwa vidole. Pumba akawapa kuku. Chenga akazimimina katika bakuli na kulifunika, zitakuwa uji wa asubuhi. Nilitazama chini nikitafuta kilichopotea. Hakikuwapo.

Nazi ni kazi ya kukaa. Aliigonga kwa mgongo wa panga huku akiizungusha kiganjani, ikafunguka vipande viwili sawa, na mjukuu aliyekuwa karibu akayanywa maji yake kabla hayajamwagika. Akaketi juu ya mbuzi na kuanza kukuna. Hakukandamiza, alikizungusha kifuu kwa mikono miwili ili meno ya mbuzi yapite juu ya nyama kwa wepesi, yakitoa machicha membamba, meupe, yasiyo na vipande. Alianzia ukingoni akaelekea katikati. Alipokaribia ngozi ya kahawia inayogusa kifuu akaacha, ingawa bado palionekana weupe kidogo, kwani ngozi hiyo hulitia tui rangi na uchungu kidogo.

Akatia maji ya uvuguvugu, akafumba machicha katika kifumbu na kukikamua kwa kukipinda. Tui la kwanza lilitoka zito, likiteremka polepole, akaliweka kando na kulifunika. Akaongeza maji, akakamua tui la pili, kisha la tatu lililokuwa karibu maji tu, na yale mawili akayachanganya. Haya mepesi aliyapima kwa upawa, akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mpunga wa msimu huu bado una maji yake, alinieleza, hautaki tui jingi. Wa mwaka jana ungekunywa zaidi.

Kuni zilikuwa za mwembe mwingine, uliokuwa umekauka umesimama. Niliuliza kwa nini. Mto unapokuwa na nguvu, bahari huusukuma tu. Mto ukidhoofika, bahari huingia. Tana umefungwa kwa mabwawa ya umeme moja baada ya jingine, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na ukame nao huja na zamu zake. Chumvi ikishapanda mpaka mizizini, mwembe uliopandwa na babu hauwezi kuhama. Inaniuma kuliandika hili, kwa sababu kila kitu nilichokitazama pale uani kimeegemea maji matamu yafike kwa wakati wake. Mama alilieleza kwa maneno machache, akakisukuma kigogo ndani zaidi ya mafiga, akageukia sufuria.

Tui jepesi na chumvi vilitangulia. Hapa hakuondoka. Alilichota kwa upawa, akaliinua na kulimimina tena, akachota, akamimina, bila kukoma mpaka lilipochemka, kwa kuwa tui likiachwa peke yake motoni hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule, na wali wake hauwi laini tena. Lilipochemka akatia mchele, uliooshwa mpaka maji yakatoka safi. Akakoroga mara moja kwa mwiko, akausawazisha, akaacha. Mtu asiyejua angeendelea kukoroga. Yeye alifuta mikono yake kwa leso na kuanza kumkatakata kambare wa mchuzi, ambaye sitamweleza sana: kitunguu, nyanya, ndimu, akatulia kwenye jiko la pili.

Maji yalipokauka na vitundu vidogo kutokea juu ya wali, alilimimina lile tui zito, akianzia katikati na kuzunguka kuelekea kingo. Akafunika. Akavuta kuni nje zote, akabakiza makaa machache chini, na mengine akayachota kwa kipande cha bati na kuyapanga juu ya kifuniko. Kwa namna hii ya kupalia, wali huiva kwa moto wa juu na wa chini, wala hautaki kuchunguliwa. Nilingoja afunue atazame. Hakufunua hata mara moja. Alisogeza sikio. Mwanzo sufuria ililia kwa mchemko wa majimaji, kisha ikapunguza, kisha ukasikika mlio mwembamba wa mafuta ya nazi yakianza kukaanga ule wali wa chini kabisa. Harufu ilipobadilika kutoka tui kuwa nazi iliyokaangwa, aliyapangusa makaa ya juu na kuiteremsha sufuria.

Punje zilisimama, kila moja peke yake, zikimeremeta. Akapakua katika sinia kwa ubapa wa mwiko, akichota kwa pembeni asizivunje, kazi ileile ya uangalifu iliyoanza na punje moja juu ya jamvi. Watoto walikuwa wamekwisha kukusanyika, na hawakuja kwa ajili ya sinia. Walikuja kwa ukoko. Aliung'oa ukatoka mzima, wa rangi ya dhahabu iliyoiva, na akaugawa kwa haki ambayo mahakama zingejifunza: mkubwa hakupata kikubwa, na yule aliyepepea moto aliongezewa. Niliwatazama wakitafuna kwa sauti na nikakumbuka tulivyokuwa tukigombea kipande cha ukingoni nyumbani kwetu, na jina la kila mmoja wetu, pamoja na wale ambao hawapo tena.

Mama aliketi baada ya wote kuketi. Akanawa, akafinyanga tonge dogo la wali mtupu bila mchuzi, akalitafuna bila haraka, macho yakiwa kwenye sinia.

“Tui lilizidi upawa mmoja,” alimwambia bintiye. “Kesho utapima wewe.”