Usumba wa Kiuyu

Mgeni anayefika Kiuyu, kaskazini mashariki mwa Pemba, huelekezwa Ras Kiuyu, kwenye msitu wa hifadhi na ufukwe mweupe. Ni pazuri kweli. Lakini mimi ningempeleka kwanza topeni, upande wa mikoko, maji yakishatoka, akaione kazi ya usumba.

Huku ni maweni. Karafuu zilizoipa Pemba jina hupenda udongo wa vilima vya magharibi, kwa hiyo watu wa hapa riziki yao kubwa wameitafuta baharini. Kina mama hufukia makumbi ya nazi kwenye tope, wakayakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na maji, wakayaacha kwa miezi. Bahari huingia na kutoka. Nyama ya kumbi ikaoza, nyuzi zikabaki nzima: huo ndio usumba. Ukifukua mapema, kumbi halipondeki na usumba hukatika. Kujua wakati ndiyo elimu yenyewe: mama huchomoa kumbi moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalivuta ubavuni. Nyuzi zikiachiana, kazi imeiva. Harufu ya tope lile jeusi ni kali, hukaa mwilini hata baada ya kuoga, na hakuna anayeionea haya.

Kisha makumbi hupondwa kwa mti, husuuzwa, huanikwa. Msokotaji huketi chini, miguu ameinyoosha, akaviringisha nyuzi viganjani, ncha mbili kwa pamoja, akiongeza usumba kidogo kidogo kabla ya ncha kwisha. Yatafute maungio uone kama utayapata!

Kamba hii haiogopi chumvi. Ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vilivyovuka bahari bila msumari. Na mfanyabiashara aliyeandika kitabu cha Periplus kwa Kigiriki, karibu miaka 2000 iliyopita, alikwishazitaja boti za kushonwa za pwani hii. Kamba hiyo hiyo ndiyo iliyofunga fito za nyumba na kutanda vitanda. Leo nailoni imejaa madukani, na kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kinagombea bamvua lile lile na mikono ile ile. Siwalaumu wanaohamia huko. Usumba hulipwa kidogo mno kwa jasho lake.

Basi mgeni akishakula muhogo na pweza wa nazi, akauliza anunue nini, namwambia: pima chache za kamba ya usumba, ulipe bila kuvutana bei, na umuulize jina mama aliyeisokota.