Dungusi zuri hujulikana kileleni

Anayechagua dungusi kwa kufuata ua amenunua siku chache. Ua la Echinopsis, ile tarumbeta nyeupe inayofunguka jioni, halimalizi hata siku mbili. Likishanyauka utabaki na mwili, na mwili ndio wa kukaguliwa pale kitaluni, kabla hamjaanza kuongea bei.

Kwanza hakikisha ni kaktasi kweli. Katika vitalu vya kando ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, mimea mingi yenye miiba huuzwa kwa jina hilo ilhali ni Euphorbia. Kaktasi ya kweli huotesha miiba kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya, na kwa kawaida ikikwaruzwa haitoi utomvu mweupe. Euphorbia hutoa maziwa, na maziwa hayo yakiingia jichoni utajuta.

Sasa tazama kilele. Dungusi hukulia juu, na kila kinachozaliwa pale husukumwa pembeni kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo mwili wote ni historia ya malezi. La mviringo liwe na kichwa cha kuba. Kama limechongoka, kijani chake kimefifia na miiba ya juu ni mifupi kuliko ya chini, lilikuwa ndani ya nyumba likitafuta mwanga. Likiwa na kiuno, liliwahi kukaa gizani kisha likarudishwa nje. Kiuno hakiondoki: sehemu iliyokonda itabaki vivyo hivyo hata ulitunze vipi. Mimi hulipita la namna hiyo, labda kama nanunua kichwa ili nikate.

Hapa Timau muuzaji hana pa kujitetea. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ubavu wa kaskazini wa Mlima Kenya, upande usiopata mvua kama wa Embu na Chuka. Jua la mchana ni kali na usiku ni baridi, hali inayokaza mwili na kurefusha miiba. Rebutia, ambayo kwao ni milima ya Bolivia na Argentina, hujisikia nyumbani. Dungusi lililolegea hapa limeharibiwa na mtu. Lakini usilitoe kivulini ukaliweka juani siku hiyo hiyo. Litaungua ubavu mmoja, na kovu jeupe litabaki. Lizoeshe polepole.

Lile la kichwa chekundu au cha manjano, linalovutia watoto, mimi silipendekezi. Kichwa hicho ni Gymnocalycium isiyo na kijani cha kujitengenezea chakula, imebebeshwa juu ya shina la pembe tatu la jamii ya tunda la dragoni. Shina hilo ni la nchi za joto. Usiku wa Julai wa Timau hulidhoofisha, na shina likioza kichwa nacho kimekwisha.

Shuka chini. Karibu na udongo, dungusi lenye umri huwa na ngozi ya kahawia, ngumu na kavu kama ganda la mti; huo ni uzee wa kawaida. Uozo ni mweusi au wa majimaji, na hubonyea. Lisukume kidogo kwa kijiti: likiyumba, huenda ni kipande kilichochomekwa juzi, hakina mizizi. Pekua katikati ya miiba kutafuta vidonge vyeupe mithili ya pamba. Hao ni wadudu wanaofyonza utomvu, nao watahamia kwenye mimea yako mingine yote.

Udongo mweusi wa shamba ni mzuri kwa viazi na mbaya kwa dungusi. Changanya sehemu moja ya mboji iliyoiva na mbili za changarawe, au mawe mepesi ya volkeno yenye matundu, kama yanayotumika katika baadhi ya mashamba ya waridi nchini. Mwagilia asubuhi, udongo ukiwa umekauka hadi chini. Maji na baridi ya usiku ndiyo huua.

Kuhusu dirisha, vitabu vya Ulaya husifu la kusini. Tuko karibu na ikweta: Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini, kwa hiyo dirisha la kusini hukosa jua nusu ya mwaka. La mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima.

Kuzalisha ndiko kunakoonyesha mkono wa fundi. Chagua mama asiye na kasoro, kwa sababu vichipukizi vyake ni yeye mwenyewe, pamoja na udhaifu wake. Januari na Februari, kukiwa kukavu, ng'oa kichipukizi kwa kukizungusha, kisha kiache kivulini penye hewa mpaka kidonda kifanye ngozi ngumu. Kidogo hukauka kwa siku chache, kinene huhitaji wiki mbili au zaidi. Ukikata la mnara, chonga ukingo wa kidonda kwa mshazari, la sivyo katikati kutajikunja ndani, na mizizi itakosa pa kushika. Kiweke juu ya changarawe kavu. Maji yasubiri mizizi. Papara ya maji imeua vipandikizi vingi kuliko ukame.

Mpungate nao ni dungusi, ila mimi siuzalishi. Laikipia, jirani tu, umemeza malisho. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, na kila kipande kikianguka huota. Imelazimu wadudu wa kochinili waletwe kuushambulia. Ukiwa nao kwenye chungu, vipande usivitupe nje ya uzio.

Ukitaka mbegu za Echinopsis, kumbuka kwamba nyingi hazijichavushi, na vichipukizi vya mama mmoja ni mmea uleule mmoja. Tafuta la pili kutoka kitalu kingine, yachanue pamoja, na uhamishe chavua kwa brashi laini usiku huohuo.