Uanafunzi wa Mfasiri

Katika kazi zote za mikono na za akili, sioni iliyo karibu zaidi na safari ya Mkristo, tangu siku ya ubatizo wake hata siku ya kuzikwa kwake, kuliko kazi ya mtu aliyeketi kuyafasiri Maandiko Matakatifu. Kwa maana seremala hutaraji kuhitimu, na mwashi vilevile, bali mfasiri kila afunguapo mlango mmoja huiona mingine iliyofungwa.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliposhuka Mombasa mwaka 1844 hakungoja akijue Kiswahili ndipo aanze: mwezi Juni alikwisha kukishika kitabu cha Mwanzo akifasiri, kadhi wa mji akimsaidia, na mwezi uliofuata akamzika mkewe na binti yao mchanga. Kalamu hakuiweka chini. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia.

Lakini anayenivuta moyo zaidi ni mmisionari Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, daktari wa sheria mwenye elimu ya kutosha kumtia mtu kiburi, naye akakubali kuketi mbele ya wenyeji kama mtoto wa chuoni, akizisikiliza hadithi zao na kuziandika, hata akazitoa kitabuni mwaka 1870. Mwanachuoni mmoja wa Kiislamu, Sheikh Abdulaziz, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Na Steere, pamoja na kuistahi hisani ile, akatambua kwamba lugha ya shekhe imepanda mno kwa haja ya tafsiri, na kwamba ilimu yake mwenyewe ya Kiswahili ilikuwa haba. Naihesabu hiyo kuwa saa ya ibada. Mtu aliyekuja kufundisha anaungama kwamba hajui, tena anaungama mbele ya mtu wa dini nyingine, na haoni haya. Nani atasema kwamba imani yake ilipungua siku ile?

Tena tuliangalie neno lenyewe walilolichagua wafasiri wetu. Wale waliomfuata Bwana Yesu huitwa katika Injili wanafunzi, neno lile lile aitwalo kijana anayeshika randa karakanani kwa fundi, na mtoto mwenye ubao na chaki; wala halikutafutwa neno la enzi la kuwatenga Petro na Yohana na wajinga wenzao. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, na baada ya hayo akaagizwa kulisha kondoo, akali mwanafunzi.

Steere alifariki mwaka 1882; Biblia nzima ikatoka 1891, na mwaka 1952 ikaja tafsiri ya muungano, iliyokusudiwa kuwapatanisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita. Namjua katekista mmoja mzee, macho yamefifia, anayeviweka vitabu vyote viwili juu ya meza yake, cha zamani na kipya, na kila alfajiri husoma Zaburi moja mara mbili, kidole kikifuata mstari. Juzi nilimkuta ameduwaa juu ya neno moja ambalo vitabu vile havikuafikiana. Akamwita mjukuu wake, akamuuliza maana yake, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akachukua penseli, akaandika pembeni.