Pete, Deni na Hadithi Mbili za Zamani

Mwaka jana niliamua kumvisha mchumba wangu pete. Hapa kwetu Nakivale jambo hilo si dogo. Mahari wazee watakaa waizungumze, na mahari inaweza kutolewa kidogo kidogo: mtu anatoa sehemu, sehemu nyingine inabaki kuwa deni la heshima kati ya familia mbili. Lakini pete haina nusu. Siku ya kuvishana, mbele ya mchungaji na mama mkwe na simu zote zilizoinuliwa kupiga picha, pete iko kidoleni au haiko. Basi nikawa na shida ya pesa, na kama kawaida yangu shida ikanirudisha kwenye vitabu.

Nataka kuhakiki maandishi matatu: tangazo moja la biashara, hadithi moja ya Mfaransa na hadithi moja ya Mmarekani. Yote matatu yanamhusu mtu wa kipato kidogo anayetaka kitu kizuri kwa ajili ya anayempenda. Mwishoni nitasema neno juu ya andishi la nne, lile linalobandikwa ukutani siku ya mafunzo, ambalo ndugu zetu wa mashirika watalitambua haraka.

Tuanze na tangazo, maana linamfikia hata mtu ambaye hajawahi kulisoma. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa matangazo katika kampuni ya N. W. Ayer huko Philadelphia, Marekani, aliwaandikia De Beers, wauzaji wa almasi, sentensi fupi inayodai kwamba almasi ni ya milele. Yeye mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Kama uandishi, naipa sentensi ile heshima yake: ni fupi, mtoto anaishika, na haitaji bei. Lakini tazama inavyofanya kazi. Inachukua ugumu wa jiwe na kuupachika kwenye ndoa, kana kwamba ndoa nayo inachimbwa ikiwa tayari ngumu. Tena kitu cha milele hakiuzwi, na hapo ndipo biashara imejificha, kwa sababu anayerudisha almasi dukani mara nyingi hupewa pesa ndogo sana kuliko aliyoitoa.

Katika miaka ya 1980 matangazo ya De Beers yakamfundisha mwanaume wa Marekani kwamba pete inastahili mshahara wa miezi miwili. Japani walitajiwa mitatu, nao wakaitikia: mwaka 1967 mabibi harusi wa Kijapani waliopewa pete ya almasi hawakufika watano kwa kila mia, na kufikia 1981 walikuwa kama sitini. Hapa naona akili kali, na ya hatari. Bei haikupangwa kwa kutazama jiwe, ilipangwa kwa kutazama mfuko wa mnunuzi. Kwa hiyo tajiri ataumia, maskini naye ataumia, na anayetoa pungufu atajiona amependa pungufu.

Mimi nilijaribu kuipiga hesabu hiyo. Natengeneza simu. Kuna mwezi naingiza shilingi 180,000, kuna mwezi naingiza 60,000, na kuna mwezi mvua inanyesha, watu hawana pesa, nakaa tu na bisibisi zangu. Miezi miwili ipi sasa? Tangazo lile linamjua mtu mwenye mshahara. Mtu wa kibarua halimjui, ila aibu yake linaijua vizuri.

Na kuna jambo ambalo kutoka Philadelphia halikuonekana. Sisi ndio watu wa kule mawe yanakotoka. Mbuji-Mayi, Kasai, almasi zimechimbwa tangu enzi za Mbelgiji. Mwadui, huko Shinyanga, Tanzania, mwaka huo huo wa 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi, na mwenye mgodi, John Williamson, akamzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Kwetu Fizi vijana wanachimba dhahabu kwa mikono, Misisi na kwingine. Nimekaa meza moja na watu waliotoka shimoni siku hiyo hiyo. Hata hivyo sijawahi kumiliki gramu moja. Kwa hiyo mtu akiniambia pete ya dhahabu ni mambo ya wazungu, nakataa. Kutamani dhahabu ni haki yangu. Ninachouliza ni nani alinifundisha kiasi cha kutamani.

Hadithi ya kwanza ni La Parure ya Guy de Maupassant, iliyotoka mwaka 1884. Niliisoma shuleni Kongo, kwa Kifaransa, na mwalimu wetu alituambia funzo lake ni moja: usiwe na majivuno. Mathilde, mke wa karani mdogo wa wizara, anaalikwa kwenye sherehe kubwa. Mume anampa faranga 400 za gauni, pesa alizokuwa amejiwekea anunue bunduki ya kuwindia. Mke anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, unapotea usiku ule ule, na wao wananunua mwingine unaofanana nao kwa faranga 36,000. Nusu ni urithi wa mume, nusu ni mikopo. Wanalipa miaka kumi. Mwishoni rafiki anamwambia kwamba ule mkufu wake ulikuwa wa bandia, haukuzidi faranga 500.

Nimeisoma tena nikiwa na hesabu ya mkopo mfukoni, na sasa mwalimu wangu namkatalia, kwa heshima zote. Majivuno yapo, sawa. Lakini kilichowaangamiza wale watu ni kunyamaza. Mathilde hakusema, "Dada, mkufu wako umenipotea." Angesema siku ile, angejibiwa siku ile. Na yule tajiri naye alinyamaza: alimwazima mwenzake kitu cha bandia bila kumwambia, maana naye alitaka kionekane cha kweli. Maupassant ameweka dalili moja ambayo darasani tuliiruka. Wanapompelekea sonara kasha ili wapate mkufu wa kufanana, sonara anajibu kwamba yeye aliuza kasha tu, mkufu si wake. Kasha lilitoka dukani kwa sonara wa kweli, kilichomo ndani hakikutoka humo. Aliyesoma polepole ameshaonywa.

Lawama yangu kwa Maupassant ni juu ya mume. Anatuonyesha akitia sahihi hati za madeni, akikesha kunakili kurasa za watu kwa senti chache, lakini moyoni mwake hatuingizi. Miaka kumi mtu analipa mkufu asiouvaa, na hatuelezwi kama siku moja alipiga meza. Kwetu hapa mtu huyo angekuwa na la kusema, na majirani wangelisikia. Tena kuna jambo ambalo mwandishi analipita haraka: walilipa. Deni lote, na riba. Mimi nikiwatazama siwacheki. Nawaheshimu, na ninawaogopa, kwa sababu najua mtu anaweza kuwa mwaminifu miaka kumi kwa deni ambalo halikuwa na sababu.

Hadithi ya pili ni The Gift of the Magi ya O. Henry, ya mwaka 1905, ambayo wengi wetu tumekutana nayo kwenye darasa la Kiingereza. Della ana dola 1 na senti 87, na kesho ni Krismasi. Anauza nywele zake kwa dola 20, anamnunulia mumewe Jim mnyororo wa saa kwa dola 21. Jim naye ameuza saa ili amnunulie Della vitana vya nywele. Watu hulia hapo. Mimi pia nililia, mara ya kwanza.

Mara hii nilitoa kalamu. O. Henry ni mwandishi anayejua bei. Anatuambia kwamba mshahara wa Jim umeshuka kutoka dola 30 kwa wiki hadi 20, na kwamba nyumba yao inalipiwa dola 8 kwa wiki. Kwa hiyo mnyororo ule ni zaidi ya mshahara wa wiki nzima. Ni pesa nyingi. Ila si miezi miwili, na hakuna hata senti ya kukopa. Kila mmoja ameuza cha kwake mwenyewe, na asubuhi hatakuja mtu mlangoni kudai. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Maupassant, nami naiona kubwa kuliko ile ya kwamba hadithi moja ina huzuni na nyingine ina furaha.

Lakini hata O. Henry simwachii hivi hivi. Mwishoni anawasifu wale wawili kuwa na hekima kupita wote. Mapenzi wanayo, hilo sibishi. Hekima? Walikaa chumba kimoja na hawakuulizana. Hadithi yake, kama ile ya Mfaransa, inasimama juu ya siri: mwambie mwenzako bei, na hadithi imekwisha. Mwandishi anahitaji siri ili msomaji ashtuke mwishoni, mimi namwelewa, ni kazi yake. Shida ni kwamba sisi wasomaji tunaichukua siri ile tunaenda kuishi nayo. Tunaamini mwanaume wa kweli ananunua pete kimya kimya, anapiga goti, anamshtua mtu. Na mshtuko ni mzuri, jamani, mpaka siku ya kulipa.

Sasa andishi la nne. Kwenye mafunzo ya matumizi ya pesa niliyohudhuria, mwezeshaji alibandika karatasi kubwa yenye safu mbili: mahitaji upande huu, matakwa upande ule. Mtu akauliza, "Na pete?" Mwezeshaji akaandika pete kwenye matakwa, chini ya soda na nywele za kusuka. Alikuwa mtu mpole, wala simlaumu. Lakini kama maandishi, karatasi ile ina kosa lile lile la tangazo la De Beers: inamhesabu mtu akiwa peke yake. Tangazo linasema toa nyingi, karatasi inasema usitoe, na hakuna aliyeuliza pete inafanya kazi gani hapa. Wengi wetu tulikimbia bila cheti hata kimoja. Pete inaonwa na mchungaji, mwenye zamu ya bomba, kijana anayemsumbua binti njiani, na wote wanaelewa. Ni ushahidi tunaoweza kuubeba tukihama tena. Ushahidi hauhitaji kuwa wa dhahabu, ila unahitaji kuwepo. Mngeiandika kwenye safu ya kwanza, kisha mngetuuliza, "Ya shilingi ngapi?" Hapo tungezungumza vizuri.

Na mimi nilifanyaje? Nilifanya kama Mathilde. Nilienda kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa kuomba 250,000, riba shilingi tano kwa kila mia kwa mwezi, miezi sita. Yaani ningerudisha 325,000. Nilitaka pete nyembamba ya dhahabu, na nilitaka iwe siri. Kumbe mwandishi wa kikundi ni shangazi yake mchumba wangu. Siri ilidumu mpaka jioni.

Akaja kibandani kwangu, akangoja mteja aondoke.

"Nasikia unataka kukopa. Kuna mgonjwa kwenu?"

"Hapana. Ni ya pete."

Akanyamaza kidogo. "Deni hilo tutakuwa tunalilipa tukiwa tumeoana, ama vipi?"

"Ndiyo."

"Basi litakuwa langu pia. Na mimi sijakubali."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona amenivunjia heshima. Usiku nikafikiri juu ya yule mume wa Mathilde, anayelipa bila kusema, nikaona huyu wangu amesema mapema, kabla ya hata shilingi moja kukopwa.

Jumamosi tukaenda sokoni wawili. Fundi alituonyesha pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, 5,000, halafu yeye mwenyewe akatuonya: rangi ikitoka, jasho na shaba vitaacha kijani kidoleni. Akatuonyesha ya fedha yenye chapa 925, maana yake sehemu 925 kwa kila 1,000 ni fedha halisi. Bei yake ilitushinda. Akatuonyesha ya chuma kisichoshika kutu, 15,000, akasema hiyo haibadiliki rangi, ila si rahisi kuipanua, kwa hiyo tupime kidole jioni kikiwa kimevimba kidogo, si asubuhi ya baridi. Tukachukua mbili za chuma. Tulilipa 28,000 baada ya kuomba sana, yeye akatoa 10,000 kati ya hizo. Mkopo sikuuchukua.

Siku ya kuvishana nilikuwa na aibu bado, nisiseme uongo. Kusoma hadithi hakuondoi aibu siku hiyo hiyo. Mama mmoja wa kanisani alishika mkono wa mchumba wangu, akaugeuza juani, akauliza kwa sauti, "Hii ni fedha?"

Nikamkumbuka yule rafiki tajiri aliyenyamaza.

"Ni chuma, mama," nikasema.

Akaitazama tena. "Bei gani? Kijana wangu naye anatafuta."

Nikamtajia bei, na nikamwelekeza kwa fundi.